Ijumaa ya Mtondooni

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Hind,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeanza kukutii. Wifi yako Ghada kanieleza sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sisi hatujambo. Presha ya Ghada imetulia tangu aliponipiga marufuku kusikiliza taarifa ya habari jikoni. Anasema si habari zinazompandisha, ni mimi ninavyozijibu. Duka linakwenda. Wateja wapo, wengi wa kushika kitambaa, kuuliza bei na kucheka.

Utashangaa kupokea karatasi zama hizi. Nimempa Wafa, mpwa wake Ghada, akuletee mkononi, kwa sababu baba yako, Ami Azzan, ameniagiza nikuulize jambo moja na ameapa kwamba haliulizwi kwa simu. Hataki kukusikia ukilia, wala hataki wewe umsikie. Nitaliandika. Ila nikilitaja peke yake utadhani mzee amechanganyikiwa, na Ami hajachanganyikiwa hata chembe, kwa hiyo nivumilie nianze na yaliyotangulia.

Hapokei simu zako kwa sababu hiyohiyo. Mwili wake mzima. Anakula, anatembea, anagombana na mbuzi wa jirani. Kilichovunjika ni kingine: Mtondooni haina tena Ijumaa.

Wewe ulikaa chuoni kwake kabla yangu, huna haja ya kuelezwa, lakini wanao wakiisoma barua hii watauliza. Kwa madhehebu yetu, jinsi Ami Azzan alivyoyasoma na kuyafundisha maisha yake yote, sala ya Ijumaa inataka wanaume arobaini. Tena wawe wakazi. Mtu aliyepita njia hahesabiwi. Anahesabiwa yule ambaye hapo ndipo kwake, masika na kiangazi, na akitoka ametoka kwa haja na atarudi. Wakipungua hapo, watu wanasali adhuhuri kama siku nyingine yoyote na mimbari inabaki kuwa ngazi tu. Nyinyi wanawake hammo katika hesabu hiyo. Mngekuwamo, mji wetu ungekuwa na Ijumaa mpaka leo, maana waliobaki kule wengi ni wanawake.

Usimwamini atakayekwambia kwamba wilaya yetu inakufa. Wilaya inanenepa. Sensa iliyopita imesema tumeongezeka, na bwana mmoja wa mipango alisimama kwenye semina hapa mjini, nami nimealikwa kwa ajili ya makala zangu za gazetini, akazisoma takwimu hizo kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi yake. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza watu wanaongezeka wapi. Akasema wilayani. Nikamuuliza wilayani wapi, mheshimiwa. Mwenyekiti akaniomba niwape nafasi na wengine. Kisha wakaendelea na uchumi wa buluu, na chai ikaletwa.

Wanaongezeka Njia Panda, kule juu kwenye barabara kuu. Palikuwa na kibanda kimoja cha chai, wewe unapakumbuka. Leo pana vituo vya mafuta, gesti, maghala ya ufuta na korosho, wafugaji waliotoka bara na ng'ombe wao, mafundi, mamalishe, vinyozi. Siwachukii. Wamefuata riziki kama babu yetu alivyoifuata alipotoka Arabuni na kofia yake. Lakini kutoka Njia Panda kushuka Mtondooni ni bodaboda kwenye mchanga mtupu, na kila kinachoshuka huko kinarudi kimebeba mtu. Tulipiga kelele miaka mingi tupate barabara ya lami. Mimi nilipiga kuliko wote, niliandika mpaka mhariri akanichoka. Barabara ikaja, ikaishia Njia Panda, na watu wakaitumia kuondoka.

Minazi ya babu imezeeka na inakauka vichwa. Mbata haina mnunuzi, mafuta ya kupikia yanakuja kwa meli. Kinachouzwa ni dafu, na dafu ni kazi ya asubuhi moja: kijana apande, aangue, lori lipakie, kwisha. Nazi iliyokomaa ililisha mkwezi, mfuaji, mkausha mbata, mkamuaji na mama anayesuka kamba. Mnazi usiozaa sasa unapasuliwa mbao, na shamba lake linauzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona uso. Samaki nao hawafiki hata sokoni kwetu. Wanapokewa ufukweni na pikipiki zenye masanduku ya barafu. Juzi nilikuwa Feri, nikamkuta Safari, yule kijana wa kwetu mwenye karai la kukaanga, anageuza changu waliotoka Mtondooni asubuhi ileile. Nikamuuliza mama yake huko nyumbani anakula nini.

"Dagaa, mzee. Namtumia mimi kutoka hapa."

Hakuona ajabu yoyote. Akanifungia vipande viwili kwenye gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa na makala yangu.

Sasa baba yako. Kwa muda mrefu alikuwa akigeuka kila Ijumaa kabla ya kupanda mimbari na kuwapitia watu kwa macho, safu kwa safu. Mwalimu akihamishwa, Ami anajua. Mtu akilazwa hospitali, Ami anakwenda kumwona, na nadhani huruma na hesabu vilikwenda pamoja. Baada ya Idi ya mwaka huu vijana kadhaa walipanda lori la madafu wakaja kuuza viatu vya mitumba Mchikichini. Ijumaa iliyofuata akageuka, akawapitia, akawapitia tena. Hakupanda; akasalisha adhuhuri.

Aliponieleza kwa simu nilifanya kile ninachokijua, nilibishana. Nilimsomea wanavyuoni wa madhehebu mengine wanaotosheka na kumi na wawili, na wanaotosheka na watatu. Nilimsomea hata maneno ya watu wa madhehebu yetu wenyewe waliolegeza. Nilizungumza mpaka sikio likapata joto.

"Muaz, umemaliza?"

"Nimemaliza, Ami."

"Hayo yote yamo kabatini kwangu. Vitabu ninavyo. Watu ndio sina."

Hapo akili yangu ya Kariakoo ikafanya kazi. Huku mzigo ukipungua dukani, dawa yake ni kuagiza mzigo. Nikajiambia, wana wa Mtondooni wamejaa mji huu, wanatosha kujaza misikiti miwili. Nikapiga simu Mchikichini, nikapiga Feri, nikazunguka Kariakoo mlango kwa mlango. Niliwakaripia, wengine niliwaaibisha mbele ya wateja wao. Wakakubali: tutakwenda alfajiri, tutatimiza Ijumaa ya mzee, jioni tutarudi, na tutafanya hivyo kila wiki kwa zamu.

Gari alitoa Wilbert. Huyu ni jirani yangu wa duka, Mchaga wa Rombo, anauza vyombo kwa jumla, na ana Coaster ya kupeleka ukoo wake nyumbani kila Desemba. Tunataniana tangu alipofungua duka lile.

"Kwa hiyo Mangi unatupa gari?" nikamwambia.

"Nawapa na dereva. Mimi mwenyewe nitaendesha, nyinyi mtaniulia gia. Ila nikuulize Ostadhi, huko kwenu unakokulilia gazetini kila wiki, una hata choo?"

"Nina nyumba ya baba."

"Sijauliza ya baba."

Nikamwambia aangalie gari lake na aiache nyumba ya baba yangu. Watu wakacheka.

Nikampigia Ami. Nataka nikuandikie maneno yalivyokuwa, kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamenichosha. Nikamwambia, Ami, Ijumaa ijayo nakuletea watu wa kutimiza. Akauliza wangapi. Nikasema gari zima. Akasema Alhamdulillahi. Kisha akauliza, na wake zao? Mimi nikadhani anawaza chakula cha mchana. Nikamwambia, hapana Ami, wanaume tu kwa sasa.

"Sawa," akasema. "Wanaume hutangulia."

Hind, mtu anayejua fikihi kama baba yako ukimwambia unamletea watu wa kutimiza Ijumaa, kwake hao ni wakazi. Hakuna maana nyingine. Mimi niliyesoma vitabu vyote vile nilisahau kwamba yeye ameviamini.

Tuliingia Mtondooni jua limepanda. Njia imefagiwa kutoka mnazi wa kwanza mpaka msikitini. Nyumba zilizofungwa miaka, zile ambazo popo walikuwa wameshazirithi, madirisha wazi. Magodoro yameanikwa kwenye kuta. Akina mama walikuwa wamefanya kazi wiki nzima. Waliwapigia simu wenye nyumba, wakavunja kufuli, wakatoa vumbi, wakapaka chokaa mpaka kimo cha mkono. Nyumba ya baba yangu ilikuwa na mkeka mpya barazani na ndoo ya maji mlangoni, imefunikwa kwa ungo.

Ami alikuwa amesimama njiani na kanzu yake ya Idi. Watu wakaanza kushuka. Kila mmoja ana simu na chupa ya maji. Akawapa mikono wote, akawataja kwa majina ya baba zao. Halafu akazunguka nyuma ya gari, akafungua buti. Mlikuwa na tairi la akiba na jeki.

Akamgeukia Wilbert. "Dereva, mizigo iko gari la nyuma?"

Wilbert yule ambaye hajawahi kukosa neno hapa sokoni. "Hakuna gari la nyuma, mzee," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikwenda akasimama kwenye mlango wa msikiti na kumuuliza kila aingiaye neno moja: unalala? Hakupaza sauti. Mmoja akasema kesho Jumamosi, Ami, ndiyo siku ya soko. Mwingine akasema mtoto ana mtihani. Mwingine alimbusu mkono tu akapita. Ikafika zamu yangu. Nikaanza kumweleza mpango wa zamu, jinsi tulivyoupanga, kwamba kila wiki...

"Nimekuuliza kulala," akasema. "Sikukuuliza sababu."

Msikiti ulijaa mpaka barazani. Sijawahi kuuona umejaa vile tangu maziko ya babu. Na baba yako akapita katikati ya watu wote wale, akaifikia mimbari, akaipita, akasimama kibla, akatusalisha adhuhuri rakaa nne. Kijana mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba huu ni ukaidi wa kizee. Nilitaka kumgeukia nimpasue. Sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nimeshafikiri hivyohivyo.

Baada ya sala tulikula pilau iliyopikwa kwa ajili ya wageni wasiokuwa wageni. Wilbert alitaka kuichangamsha baraza. Akamweleza Ami jinsi Rombo inavyojaa Desemba, jinsi kila mtu alivyojenga, jinsi hata wenye vibanda vya chipsi wanavyofika na mbuzi wao. Nami nikadakia, maana nimeandika makala tatu juu ya jambo hilo: tazama Wachaga, Ami, wanarudi kwao.

Ami akasikiliza kwa adabu. "Na Januari?"

"Januari tunarudi Dar, mzee. Biashara."

"Nani anabaki?"

Wilbert akatazama sahani. "Mama," akasema. "Na Leticia, dada yangu."

"Basi na nyinyi hamtimii," akasema baba yako, akamwongezea nyama.

Njiani kurudi Wilbert hakunitania hata mara moja, na hilo ndilo lililonionyesha ukubwa wa nilichofanya. Nyuma yetu akina mama walikuwa wanaanza kuingiza magodoro.

Wiki mbili nilipiga simu hakupokea. Ijumaa hii iliyopita nikaenda peke yangu kumwomba radhi. Hakuwako nyumbani. Nikamngoja kwenye baraza ya nyumba ya baba yangu, nikamwona anakuja juu ya bodaboda, kanzu imekunjwa magotini, mchanga mpaka kwenye ndevu. Alikuwa ametoka Njia Panda. Wana msikiti wa bati pale, waliujenga wenye maghala na wafugaji, na wao wanazidi arobaini mara kadhaa. Sasa anakwenda kila wiki. Anakaa safu za nyuma. Khatibu ni kijana wa kifugaji asiyemjua hata jina, na wiki ya kwanza alimwonyesha mahali pa kuweka viatu.

Nikauliza, nikiwa nimejaa hasira za kumtetea, kijana huyo anasoma vipi. "Anasoma vizuri," akasema Ami. "Anavuta pumzi mahali sipo, lakini anasoma vizuri."

Nikamwomba radhi. Akanisamehe upesi mno, kama mtu anayetaka meza iwe wazi aweke kitu kingine. Na kitu chenyewe ndicho hiki anachotaka nikuulize.

Mwezi wa saba alifariki jirani yake wa nyuma. Waliombeba ni wazee watupu. Kutoka msikitini mpaka makaburini si mbali, wewe unapajua, lakini njiani walimtua mchangani, wakapumzika, wakamnyanyua, wakamtua tena. Akina mama waliona kutoka madirishani. Mmoja akatoka kuwasaidia, wakamrudisha. Ami anasema alimsikia maiti akiona haya.

Anaomba akifa azikwe Njia Panda.

Anajua alimwahidi mama yako, siku ile ya msiba, kwamba watalala ubavu kwa ubavu. Anajua nafasi ile imeachwa, na kwamba mdogo wako Hamood alizungushia mawe aliposhuka mwaka ule. Anasema ahadi ya kwake kwa mama yako yeye atakwenda kuijibu mwenyewe. Lakini wewe ndiye mkubwa wa wanawe, na hataki afe akakuacha unamhesabia kosa. Anaomba umfungue. Haya si maneno yangu, ni yake: mwambie Hind baba yake hakumkimbia mama yake, amefuata mabega.

Unanijua. Sijawahi kukubali jambo bila kupigana nalo kwanza. Nilifungua mdomo nimbishie. Nilikuwa na hoja za sheria, za undugu, za heshima ya mji uliozaa wanavyuoni. Nikaona kila hoja inaanzia pale pale: tutakuja, Ami, tutakubeba. Nikaufunga. Mimi niliyewaandikia mawaziri, niliyemkabili yule bwana wa takwimu, nilikaa kwenye mkeka wa baba yangu sina hata sentensi moja ya kumpa mzee huyu. Nilikuwa na tiketi ya basi la saa tisa mfukoni.

Usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako, kwa herufi kubwa kidogo, macho yake yanachoka. Ukikubali, andika tu umekubali. Ukikataa, ni haki yako, mama ni wako. Lakini nakuomba kwa jina la mama aliyelala kaburini mwake huko Mtondooni, usimwandikie kwamba wewe na Hamood mtafika kumbeba, kama hamtafika.

Nisalimie sana Hamood na mkewe, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Wilbert anakusalimu ingawa hamjaonana. Kila asubuhi akifungua duka ananiuliza mzee anaendeleaje, na siku hizi ananiita Muaz. Ghada anakukumbatia.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya na riziki ya halali, amrehemu mama, na amrefushie Ami umri, mpaka tujue la kumjibu.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye tangu utoto wetu,

Muaz